Aliye Juu Anamhitaji Nani?

Kikao cha skimu ya umwagiliaji kina hotuba mbili, na anayezijua anaweza kuondoka mapema. Ya kwanza hutolewa na watu wa mkiani, wale ambao majaruba yao yako mwisho wa mfereji: watu wa juu ni wachoyo, wanafungua maji usiku, zamu hawaiheshimu, na uongozi unawakingia kifua. Ya pili hutolewa na watu wa juu: wenzetu wa chini ni wavivu, siku ya kusafisha mfereji hawaonekani, ada hawalipi, kisha wanakuja hapa kulilia maji. Hotuba hizo zikiisha husimama mgeni kutoka wilayani, akaeleza kwamba tatizo ni uelewa mdogo. Katika muhtasari huandikwa: elimu itolewe kwa wakulima.

Nimefanya kazi ya umwagiliaji kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, zaidi katika tambarare zilizo chini ya milima ya Upare na Kilimanjaro, na mihtasari ya namna hiyo nimeisoma mingi. Elimu ilitolewa. Ilitolewa tena. Watu walihudhuria, walijibu maswali vizuri kuliko waliowafundisha, walikunywa soda, na msimu uliofuata maji yakafunguliwa usiku kama kawaida. Wenye kujua taratibu kuliko wote mara nyingi ndio waliokuwa wa kwanza kuzikiuka.

Njia nyingine ya kuzisikiliza hotuba zile niliipata mahali ambapo mkulima hakuwepo kabisa, kwenye kompyuta. Nilipokwenda kusoma shahada ya pili, mwalimu mmoja aliingia darasani na mfuko wa sarafu na ubao wa drafti. Alituambia tuzitawanye sarafu za aina mbili ovyo ovyo, tuache nafasi chache wazi, kisha tufuate kanuni moja: sarafu inaridhika ikiwa angalau theluthi ya majirani zake ni wa aina yake, na isiporidhika inahamia nafasi wazi inayoifaa. Theluthi ni sharti dogo. Sarafu ya namna hiyo haina kinyongo na wageni, na inakubali kuwa miongoni mwa wachache mtaani kwake. Hata hivyo kila tulivyohamisha, ubao ulizidi kugawanyika, aina hii huku, aina ile kule, na katikati mpaka ambao hakuna aliyeuchora.

Zoezi hilo ni la Thomas Schelling, mchumi wa Marekani aliyelichapisha mwaka 1971, na mwaka 2005 akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Robert Aumann. Siku hizi limo ndani ya NetLogo, programu ya bure iliyobuniwa na Uri Wilensky mwaka 1999, ambayo wanafunzi na watafiti huitumia kuunda jamii za kuigiza. Humo kila mkazi akidai asilimia 30 tu ya majirani wafanane naye, mji huishia na wastani wa karibu asilimia 70. Mwalimu alituonya tusiondoke na somo lisilokuwemo. Miji ya Marekani ilitenganishwa pia na sheria, na benki zilizokataa kukopesha, na vitisho vya wazi, na sarafu hazifuti historia hiyo. Zilichothibitisha ni jambo finyu lakini zito: ukiuona mji umegawanyika, mgawanyiko huo peke yake haukuambii kilichomo mioyoni mwa wakazi wake.

Sisi wahandisi tulikuwa na modeli zetu tayari. Zilikokotoa kasi ya maji kwenye mfereji, upotevu unaosababishwa na udongo wa kichanga, unyevu unaopotea juani, na lita ngapi kwa sekunde zinatosha hekta moja ya mpunga. Zilijua kila kitu kuhusu maji, na hazikujua chochote kuhusu mtu anayeshika jembe saa sita za usiku kwenda kuvunja tuta. Nikaamua kwamba tasnifu yangu itamhusu mtu huyo.

Kazi ilikwama mapema, na iliponasa ndipo palipokuwa na faida. Kompyuta haielewi neno uchoyo. Inataka kuambiwa mtu anatazama nini, anakumbuka nini, na akiona hivi anatenda vipi. Ukiiandikia kwamba mkulima wa juu ni mchoyo, itakurudishia mkulima mchoyo, na hutakuwa umejifunza lolote. Ilinibidi nirudi kijijini kuuliza swali ambalo vikaoni haliulizwi: mtu anafungua maji nje ya zamu wakati gani hasa? Hakuna anayejibu swali hilo kwa nafsi yake. Unauliza habari za "mtu", nao wanakujibu habari za "mtu", na kila mmoja anajua ni nani.

Nilidhani jibu litakuwa wakati jaruba limekauka. Mzee mmoja aliyewahi kuwa mgawa maji kwa miaka mingi alilikataa. "Sikiliza, mwanangu," aliniambia. "Mtu hafungui kwa sababu leo hana maji. Anafungua kwa sababu hajui kama kesho yatakuja." Wengine niliowauliza walisema jambo hilo hilo kwa maneno yao, na lilibadilisha muundo mzima wa programu. Kijitu changu cha kompyuta hakikupimwa tena kwa ukavu wa shamba lake. Kilipimwa kwa kumbukumbu zake: katika zamu zilizopita, ni ngapi zilitimia na ngapi zilipita bila maji.

Mfereji wangu ulikuwa na vijitu mia moja vilivyopangwa kutoka kwenye banio, yaani pale maji ya mto yanapoingizwa mferejini, hadi mwisho. Vyote nilivipa mashamba sawa, bidii sawa, na hofu sawa ya njaa. Hakuna kilichoumbwa kichoyo wala kilichoumbwa kivivu. Kila kimoja kilikuwa na maamuzi mawili tu: kuheshimu zamu au kufungua, na kwenda kusafisha mfereji au kubaki nyumbani. Mfereji nao ulikuwa na kanuni yake: usiposafishwa hujaa mchanga, na ukijaa mchanga hupitisha maji machache.

Misimu ya mwanzo ilikwenda shwari. Kisha mto ukapungua kidogo, kama mito inavyopungua. Vijitu vya juu vikafungua kupita kiasi, kidogo tu, kwa tahadhari. Vya chini vikakosa zamu moja, vikakosa ya pili. Kijitu kilichokosa maji kikaona kusafisha mfereji ni kumlimia mwenzake shamba, kikabaki nyumbani. Mchanga ukaongezeka, maji yakapungua zaidi, na sasa hata walio juu wakawa na zamu zisizotimia za kukumbuka, wakafungua zaidi. Kwa muda mrefu mahudhurio ya siku ya usafi yalishuka polepole kiasi kwamba ungesema mambo yako sawa. Halafu, bila tukio lolote kubwa, yakaporomoka ndani ya misimu michache. Hotuba zile mbili zilikuwa zimezaliwa ndani ya kompyuta, na zote mbili zilikuwa na takwimu za kuziunga mkono: wa juu kweli walichukua kupita zamu, wa chini kweli hawakuja kufanya kazi.

Nikafanya jaribio ambalo kijijini haliwezekani. Nilikichukua kijitu cha kwanza, "mchoyo" wa banioni, nikakipeleka mkiani pamoja na kumbukumbu zake, na cha mkiani nikakipandisha. Nikaendelea hivyo na vingine. Baada ya misimu michache waliopanda walikuwa wanafungua usiku na walioshuka walikuwa hawaji kusafisha. Tabia haikuhama pamoja na kijitu. Ilibaki mahali pale pale.

Matokeo hayo peke yake yangekuwa fumbo tu la darasani. Yalipata uzito nilipoanza kusoma kazi za watu waliokanyaga matope ya mifereji. Elinor Ostrom wa Chuo Kikuu cha Indiana, ambaye mwaka 2009 alikuwa mwanamke wa kwanza kupata Nobel ya uchumi, alichunguza pamoja na wenzake zaidi ya skimu mia moja za Nepal. Walikuta jambo lililowashangaza wajenzi: skimu nyingi zenye mabanio duni, ya mawe na magogo, yaliyojengwa na wakulima wenyewe, zilifikisha maji mkiani vizuri kuliko skimu za serikali zenye mabanio ya kudumu. Sababu yake ni rahisi ukishaelezwa. Banio la mawe hubomolewa na mafuriko, na kulijenga upya kunahitaji mikono mingi. Watu wa juu hawawezi kuifanya kazi hiyo peke yao. Kwa hiyo watu wa mkiani wana kitu cha kuuza, nguvu zao, na bei yake ni maji. Leta banio la zege lisilobomoka, na wa juu hawamhitaji tena mtu.

Niliijaribu habari hiyo kwenye mfereji wangu. Nililifanya banio liwe la kubomoka kila masika, na kulijenga upya kukahitaji zaidi ya nusu ya vijitu vyote. Wa juu wakaanza kuziheshimu zamu, kwa sababu msimu ambao wa mkiani walikosa maji ulifuatiwa na msimu ambao banio halikujengeka. Nikaweka zege. Jumla ya maji yaliyoingia mferejini iliongezeka, kama mhandisi yeyote angetabiri, na maji yaliyofika mkiani yakapungua. Nilikumbuka kijiji kimoja ambako mradi ulikuwa umejenga banio zuri la zege lenye bamba la uzinduzi. Wazee wa mkiani waliniambia kwamba enzi za banio la mawe na migomba walikuwa wanapata maji. Kwenye daftari langu la wakati ule maneno hayo nimeyaandika chini ya kichwa "Malalamiko mengineyo".

Wakulima wa mpunga wa Bali, Indonesia, wana namna nyingine ya kutegemeana. Kwa karne nyingi vyama vyao vya maji, viitwavyo subak, vimepanga ratiba za kupanda kupitia mahekalu ya maji. Miaka ya 1970 serikali ilileta mbegu mpya na kuhimiza kila mtu apande mara nyingi awezavyo bila kungoja ratiba za hekalu. Mavuno yalipanda kwa muda, kisha maji yakagombaniwa na wadudu na panya wakala mashamba. Mwanaanthropolojia Stephen Lansing na mwanaikolojia James Kremer waliunda modeli ya kompyuta ya subak 172 zilizo kati ya mito ya Oos na Petanu. Kanuni yao ilikuwa nyepesi: kila subak mwishoni mwa mwaka inatazama majirani na kuiga ratiba ya aliyevuna vizuri kuliko wote. Baada ya miaka michache ya kuigiza, subak za kwenye kompyuta zilijikusanya katika makundi ya kupanda pamoja, na makundi hayo yalifanana kwa kiasi kikubwa na mtandao halisi wa mahekalu.

Kilichonivutia zaidi ni kwa nini aliye juu anakubali. Maji ni yake kwanza, kwa nini afuate ratiba inayomfaa wa chini? Kwa sababu anawaogopa wadudu. Mashamba ya bonde zima yakivunwa na kupumzishwa kwa wakati mmoja, wadudu hukosa chakula na kufa. Mmoja akiachwa bila maji akapanda kwa wakati wake, shamba lake huwa maficho ya wadudu watakaopanda juu. Mtu wa juu anatoa maji ili anunue usalama. Hapa tena hakuna anayependa jirani yake kuliko watu wengine wapendavyo majirani.

Kuanzia hapo swali langu vikaoni lilibadilika. Tuna methali inayosema aliye juu mngoje chini, na watu wa mkiani wanaipenda sana. Niliwahi kuisikia ikipigiwa makofi. Lakini kwenye mfereji aliye juu anaweza kubaki juu maisha yake yote, akawarithisha na wanawe. Kumngoja hakusaidii. Linalosaidia ni kuuliza anamhitaji nani huko chini, na kwa jambo gani.

Kazi ya kompyuta inaweza kumfanya mtu azungumze na skrini yake tu, na kuna waliokwisha kuona hatari hiyo. Katika bonde la Mto Senegal, mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti wa Kifaransa akiwemo Olivier Barreteau waliigeuza modeli yao ya umwagiliaji kuwa mchezo, wakawakalisha wakulima wenyewe wacheze nafasi za vijitu na kuikosoa. Niliiga wazo hilo. Katika ofisi ya kijiji tulichora mfereji kwa chaki sakafuni, punje za mahindi zikawa maji na vizibo vya soda vikawa siku za kazi. Watu wa juu tuliwakalisha mkiani, na wa mkiani tukawapa banio.

Haikuchukua muda. Mwenyekiti wa zamani wa kanda ya juu, mtu ambaye nilikuwa nimemsikia akitoa hotuba ya uvivu wa watu wa chini kwa ufasaha mkubwa, alikataa kutoa kizibo chake cha usafi. "Nisafishe nini?" aliuliza kwa hasira za kweli. "Mahindi yenyewe hayafiki!" Ukumbi mzima ulicheka, kuanzia mkiani. Naye akacheka, akakitoa kizibo, kisha raundi iliyofuata akakizuia tena. Walioko banioni, watu waliolalamikia wizi kwa miaka, walikuwa wanaweka punje ya akiba chini ya goti.

Mama mmoja aliyekuwa akitazama bila kucheza aliniuliza, "Injinia, huyu mtu wako wa kompyuta anamwagilia saa ngapi?" Nikamjibu kwamba anamwagilia saa yoyote zamu inapomfikia. "Basi ni mwanamume," akasema. "Zamu yangu ikiangukia saa nane za usiku, mimi siendi. Namlipa kijana, na kijana analala." Wanawake wengine wakaunga mkono. Wajane na wale ambao waume zao wako mjini, ambao ndio wenye mashamba mengi ya mkiani, walikuwa wanapoteza takriban kila zamu ya usiku. Maji hayo hayakuibwa. Yaliachwa, na yaliyoachwa yalibaki kwa wa juu, ambao asubuhi walionekana na majaruba yaliyojaa.

Mzee mmoja aliyetokea milimani akadakia kwamba Upareni hilo walikwisha kulitatua zamani. Alikuwa anasema habari za ndiva, yale mabwawa madogo yanayojengwa juu ya mifereji ya huko: hufungwa jioni, hujaa usiku kucha, hufunguliwa asubuhi, na watu wakamwagilia kukiwa na mwanga. Vitabu vya umwagiliaji huyataja kama njia ya kuongeza kasi ya maji machache. Ni kweli, lakini siku ile yalionekana pia kama njia ya kumfanya mjane awe na zamu iliyo sawa na ya mwanamume. Niliporudi kwenye programu nikagawa siku katika mchana na usiku, na nusu ya vijitu nikaviondolea uwezo wa kutoka usiku. Sehemu kubwa ya kilichokuwa kinaitwa wizi iliondoka bila kumgusa mwizi hata mmoja.

Kijiji hakikuwa na fedha za kujenga bwawa. Walichokubaliana ni kwamba wakati wa kupandikiza zamu za mchana zianzie mkiani, na zamu za usiku wapewe wa juu, wanaoishi karibu na mfereji. Waliongeza sharti ambalo halikuwamo katika modeli yangu: mtu wa mkiani asiyefika kwenye usafi anapoteza zamu ya kwanza ya mchana, na mtu wa juu anayefungua mchana anasafisha kipande kirefu zaidi cha mfereji. Ugomvi haukwisha. Ulipungua, na ukabadilika: wakaanza kugombania urefu wa vipande vya kusafisha, jambo ambalo linapimika kwa kamba.

Katika mazungumzo hayo niligundua pia kundi ambalo hakuna hotuba iliyowahi kulitaja. Walikuwa wachache wenye majaruba pande zote mbili, moja juu, jingine chini, kwa sababu za urithi au ndoa. Hao ndio waliokuwa wapatanishi wa kijiji, na watu waliwasifu kwa hekima yao. Huko Ilocos, Ufilipino, vyama vya kale vya umwagiliaji viitwavyo zanjera vilifanya hivyo kwa makusudi: ardhi iligawiwa ili kila mwanachama awe na kipande karibu na banio na kingine mbali nalo. Huko mpatanishi hutengenezwa na ramani ya mashamba.

Yako mambo ambayo modeli haiwezi, na yanayokera zaidi ni yale ambayo watu wanataka iyaweze. Ofisi moja iliyofadhili sehemu ya kazi yangu iliuliza jambo moja tu: tani zitaongezeka ngapi? Programu ya namna hii huendeshwa mara nyingi, kila mara na bahati tofauti ya mvua na ya watu, nayo hutoa kichaka cha mistari. Mstari mmoja unapanda, mingine inashuka, mingi inayumba. Nilipeleka kichaka chote. Katika ripoti yao ulichapishwa mstari mmoja, ule wa juu kabisa, na chini yake neno "makadirio".

Dunia nzima iliona jambo la aina hiyo Machi 2020, wakati watafiti wa Imperial College ya London walipotoa modeli yao ya UVIKO-19. Ilisema watu zaidi ya nusu milioni wangeweza kufa Uingereza iwapo hakuna hatua yoyote ingechukuliwa. Hatua zilichukuliwa, idadi ile haikufikiwa, na wako waliodai kwamba modeli ilidanganya. Sentensi ya modeli ya jamii huanza na "iwapo", na ukiling'oa neno hilo sentensi nzima inaanguka. Zaidi ya hayo, watu wanaoigizwa wanaweza kuisoma sentensi hiyo wakabadilika. Maji hayabadilishi mwendo kwa kusikia hesabu za mhandisi. Wakulima hubadilisha.

Kuna pia mipaka tunayoichora sisi wenyewe. Mfereji wangu ulianzia kwenye banio, kana kwamba juu ya banio hakuna watu. Skimu ya Lower Moshi, iliyojengwa kwa msaada wa Japani na kukamilika mwaka 1987, ilisanifiwa kumwagilia hekta 1,100 hivi za mpunga kwa maji ya mito ya Rau na Njoro. Mavuno yalikuwa makubwa kiasi kwamba majirani waliyaona, na wakulima walioko juu ya mabanio nao wakaanza kulima mpunga kwa maji ya mito ile ile. Maji yaliyofika kwenye skimu yakapungua, na eneo lililoweza kulimwa mpunga humo likasinyaa. Hapakuwa na uzembe katika hesabu za maji. Kilichokosekana ni mtu anayetazama shamba la jirani, akapenda anachokiona, akaiga, yaani kanuni ile ile ambayo Lansing na Kremer waliiweka katikati ya modeli yao. Huko Bali kuiga kuliwakusanya watu, kwa sababu wadudu waliwaunganisha. Chini ya Kilimanjaro kuiga kuliwagombanisha, kwa sababu aliye juu ya mto hakuwa na chochote cha kuhofia kutoka chini.

Nikipewa usanifu wa skimu siku hizi, mbali na kurasa za lita kwa sekunde na mifuko ya saruji, naandika ukurasa wa nani anamhitaji nani. Ukurasa huo huamua mambo ya vitendo. Pale ambapo wa juu wanawahitaji wa chini, kwa nguvu za kazi, kwa wadudu, kwa undugu, kwa mashamba ya pande mbili, nashauri tusiuharibu uhusiano huo kwa zege, na tuwaachie wakulima watunge taratibu zao, kwa sababu watazilinda wenyewe. Ikibidi zege lijengwe, basi kitafutwe mapema kitu kingine kitakachowafanya wa juu wawahitaji wenzao, kabla ya bamba la uzinduzi kufunuliwa.

Na pale ambapo ukurasa unabaki mtupu upande wa juu, pale ambapo wao hawahitaji chochote kutoka kwa yeyote, nimeendesha modeli kwa kila mbinu ninayoijua na haijawahi kuzaa ushirikiano wenyewe. Hapo ni kazi ya Bodi ya Maji ya Bonde na vibali vyake chini ya sheria ya mwaka 2009, ni kazi ya kupima maji na kufunga lango, na wakulima wasitwishwe mzigo huo kwa jina la ushirikishwaji. Kuwaambia watu wa mkiani wakae na wenzao wayamalize, wakati wenzao hawana sababu hata moja ya kukaa nao, ni kuwaacha peke yao.